Ngazi Isiyo na Mishazari

Nyumbani, tarehe 3 Machi

Penseli,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, nikishamaliza kugomba.

Siku tisa tangu wakuchukue, na hata kijikaratasi cha kuniambia unalala wapi hujaleta. Najua utasema huko hakuna karatasi. Omba! Mdomo ulipewa wa nini? Mimi nimeishia darasa la nne na bado naandika. Mkono unatetemeka lakini herufi zinasomeka. Simu yako wameichukua, yangu haivuki lango lenu, na kuja huko ni mabasi mawili na foleni toka asubuhi kwa ajili ya dakika kumi za kutazamana kwenye wavu. Magoti yangu yamekataa. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani.

Wakili uliyepewa na serikali alikuja jana. Mtu mwembamba, amebeba mafaili mpaka kidevuni. Nikamkaribisha kiti, akabaki mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Akasema kesi yako itasikilizwa tarehe 28. Akanitolea ile karatasi aliyoifuata fundi wa kuchomelea alipojenga ngazi ya chuma nje ya jengo la washonaji, ile ngazi iliyokatika ikamwangusha yule mama. Pembeni chini lipo jina lako.

Akaniuliza, "Bibi, unaviona vyuma vya kuishikilia ngazi kwa chini?"

Nikavaa miwani. Sikuviona. Ngazi imening'inia tu kama ulimi.

"Tajiri wake wa karakana anaapa alijenga kilichochorwa," akasema. "Mjukuu wako anasema alichora vyuma kumi na viwili vya mshazari. Viko wapi?"

Nikamwambia viko kwenye kompyuta yake hapa hapa nyumbani. Huyu mtoto nimemlea mimi, hajawahi kuchora hata kigoda kikakosa mguu. Akasema sawa, nimpatie karatasi yenye vyuma hivyo kabla ya tarehe 28, la sivyo utafungwa. Ana kesi arobaini. Wewe si mtoto wake.

Alipoondoka nikaiwasha kompyuta yako. Nikafungua programu yako ya michoro kama nilivyokuona ukifanya, nikabonyeza ngazi. Ikaja, tupu vilevile! Na katikati ya kioo kisanduku kimeandikwa "Vitu 12 haviwezi kuonyeshwa", chini yake kitufe cha Sawa. Nikakiambia si sawa hata kidogo. Nikakifunga, kikarudi. Nikamwita fundi wa kompyuta wa pale njia panda. Akatazama dakika mbili akasema tufute kila kitu tuanze upya. Nimemfukuza na kandambili mkononi.

Sasa niambie vyuma viko wapi. Nyumba ni safi, kila kitu chako nimekiweka mahali pake, polisi hawakupata cha kuvuruga.

Salamu: hujambo? Unakula? Usinidanganye.

Bibi yako


Mahabusu ya wanawake, tarehe 7 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikicheka na kulia, wenzangu wa chumbani wakadhani nimefiwa. Nakula. Nalala karibu na mlango, upepo unaingia, si pabaya sana.

Bibi, hapa nisikilize vizuri, maana maisha yangu yote yako hapa. Vile vyuma sikuvichora kwa mkono. Vimechorwa na plagini. Plagini ni kiprogramu kidogo kinachopachikwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi isiyoijua. Programu yangu inajua kuchora ngazi, haijui kupiga hesabu ya vyuma vya kuishikilia. Plagini ndiyo inajua: naipa urefu wa ngazi na uzito wa watu, yenyewe inaweka vyuma panapostahili. Programu isipoiona plagini, kazi ya plagini nayo haionekani. Vyuma vimo ndani ya faili, Bibi, havijapotea, ila havina wa kuvionyesha. Tajiri alifungua faili langu kwenye kompyuta ya karakana, na plagini haimo. Akaona kisanduku kile kile ulichokiona wewe, akabonyeza Sawa, akachapa karatasi tupu.

Ninachoshangaa ni kwamba hata nyumbani havionekani. Labda programu imesahau. Kwa kawaida plagini huwekwa kwenye folda ya programu yenyewe, iliyozaliwa nayo. Yangu niliitengenezea folda ya peke yake, kwa hiyo lazima programu ielekezwe ilipo. Fanya hivi. Fungua programu. Juu kabisa bonyeza Mipangilio. Shuka mpaka Plagini. Bonyeza Ongeza Folda. Utaona mstari mweupe. Andika humo hivi hivi, bila kukosea hata nukta:

[Mstari mmoja umefutwa kwa wino mweusi.]

Kisha bonyeza Sawa, funga programu, uifungue tena. Vyuma vitatokea.

Zimebaki siku ishirini na moja, Bibi. Sina mtu mwingine.

Penseli wako

[Pembeni, kwa mwandiko mwingine: Maandishi ya siri hayaruhusiwi. Afisa wa Barua.]


Nyumbani, tarehe 10 Machi

Penseli, na wewe pia unayezisoma barua zake kabla yake,

Barua imefika. Nimepata kila neno isipokuwa lile moja ninalolihitaji. Pale uliposema "andika humo hivi hivi" pana mstari mweusi tii kama mtu kapitisha kidole chenye masizi. Nimeupeleka dirishani, nimeuelekeza kwenye jua, nimeusoma kwa nyuma. Sikupata hata mkia wa herufi.

Afisa, sijui una umri gani, lakini kama una bibi, mpe barua hii akusomee kwa sauti. Mjukuu wangu ananielekeza kwenye kabati, wewe unafuta mlango wa kabati! Unadhani nitakuja kumtorosha? Kwa mkongojo? Nina miaka sabini na moja na magoti mawili yanayolia nikiinuka, ukuta wenu nitauruka na nini? Mtu akifuta neno la mwenzake aeleze kwa nini. Nijibu.

Penseli, nilijaribu kubahatisha. Kwenye ule mstari mweupe nikaandika "folda ya Penseli". Ikakataa. Nikaandika "tafadhali". Ikakataa. Mashine haina adabu.

Wakili nimempigia mara sita. Mara ya saba akapokea, akasema yuko mahakamani, akakata. Huyo ndiye wa kututetea.

Jikaze. Na usilale karibu na mlango, utapata kifua.

Bibi yako


Ofisi ya barua, tarehe 12 Machi

Kwa bibi wa mahabusu mchoraji,

Malalamiko yako nimeyapokea. Kanuni inanitaka nifute alama zisizoeleweka. Mstari nilioufuta ulikuwa na herufi D peke yake, nukta mbili, vistari vya mkwaju vilivyolala chali, na maneno yaliyoshikana bila nafasi. Mwaka juzi mahabusu mmoja alipanga kutoroka kwa maandishi ya namna hiyo. Tafadhali eleza kwa maandishi: D ni nani, na mikwaju inaelekeza wapi?

Bibi yangu ameshafariki. Angekuwepo, angeandika kama wewe.

Afisa wa Barua


Nyumbani, tarehe 14 Machi

Afisa,

D si mtu. Kompyuta ina droo. Moja inaitwa C, nyingine D. A na B usiniulize zimekwenda wapi, sikuwepo walipogawana. Ndani ya droo kuna folda, ndani ya folda kuna folda nyingine, kama sanduku ndani ya sanduku. Huo mkwaju uliokutisha maana yake "ndani yake", basi. Hakuna ukuta, hakuna kamba, hakuna mlinzi wa kuhongwa.

Mwambie aniandikie kwa maneno ya kawaida, ayataje masanduku moja baada ya jingine, na wewe uyasome kama unavyosoma anwani. Ukifuta tena, mtoto huyu atafungwa kwa wino wako. Zimebaki siku kumi na nne na barua moja inatembea siku mbili. Piga hesabu mwenyewe.

Pole kwa bibi yako. Kumbe ulilelewa vizuri, ila kazi ndiyo imekuharibu.

Bibi wa mchoraji


Mahabusu ya wanawake, tarehe 16 Machi

Bibi, shikamoo.

Sijui ulimwandikia nini Afisa. Aliniita ofisini, akafungua droo za meza yake mwenyewe, akaniambia nimwonyeshe folda ndani ya folda kwa bahasha zake. Nikapanga. Akatazama, akakuna shingo, akasema, "Na vyuma viko kwenye bahasha ya mwisho?" Nikamwambia hapana, kwenye bahasha ya mwisho yuko anayevionyesha. Akaniruhusu kuandika.

Basi ni hivi. Huna haja ya kuandika kitu kwenye ule mstari mweupe. Pembeni yake kuna alama ndogo ya folda. Bonyeza hiyo. Fungua D. Ndani yake fungua folda inayoitwa Kazi. Ndani ya Kazi kuna folda inayoitwa Nyongeza. Ibonyeze mara moja, kisha Sawa. Funga programu, fungua tena. Ikitokea, chapa nakala tatu kwa ile printa yangu ndogo.

Bibi, kuna jambo jingine. Mwenzangu mmoja humu chumbani ana dada anayefanya kazi kwenye jengo la washonaji. Anasema yule mama aliyeanguka wamemrudisha nyumbani, na madaktari wamesema hatasimama tena. Alikuwa anashona kwa cherehani ya miguu. Wakili amewahi kukuambia habari zake?

Nijibu haraka. Nahesabu kila siku mara mbili.

Penseli wako


Nyumbani, tarehe 18 Machi

Penseli,

Nimefanya ulivyosema, neno kwa neno. Nimebonyeza hiyo alama. D nimeiona. Kazi nimeiona. Ndani ya Kazi hakuna Nyongeza. Hakuna kitu! Nimefungua, nimefunga, nimezima kompyuta mpaka kwenye ukuta nikaiwasha. Peupe.

Mimi sijagusa. Labda uliiweka mahali pengine ukasahau, umri wako na kichwa chako najua vinavyokwenda. Au polisi. Ingawa polisi kompyuta hawakuiwasha, walisimama tu wakaitazama wakasema watarudi. Lakini mimi sijagusa. Usiniulize mara mbili, nimeshasema sijagusa.

Habari za yule mama wakili hajasema. Yeye anazungumza habari za karatasi tu. Alipita leo akiwa na haraka zake, akaniambia, "Bibi, bila karatasi usije mahakamani kulia, hakimu hapendi." Nimemwambia mimi silii mbele ya watu. Alipotoka nikalia.

Fikiri vizuri. Folda uliiweka wapi? Zimebaki siku kumi.

Bibi


Mahabusu ya wanawake, tarehe 20 Machi

Bibi,

Kama Nyongeza haipo, nimekwisha. Sina nakala nyingine popote. Na labda ndicho ninachostahili. Nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu.

Sikuitenga ile plagini kwa sababu ya kupenda mpangilio. Mpaka Januari ilikuwa kwenye kompyuta ya karakana, ndani ya folda ya programu, mahali pake pa kawaida. Kila mchoro wangu ulifunguka mzima pale mezani kwa Tajiri. Kisha akamleta shemeji yake, akamkalisha ubavuni kwangu. "Mfundishe kidogo tu, Penseli." Kidogo tu! Shemeji alikuwa na daftari, anaandika kila ninachobonyeza. Nikaona ninafundisha mtu kukalia kiti changu.

Siku moja walipokwenda kula nikaitoa plagini kwenye kompyuta yao, nikaja nayo nyumbani kwenye flashi, nikaitengenezea ile folda. Nilitaka Tajiri afungue mchoro aone pengo. Nilitaka anipigie simu aseme, "Penseli, bila wewe hakuna kazi." Nilitaka anihitaji, Bibi.

Wiki iliyofuata akaniachisha kweli. Ngazi ya washonaji ndiyo kazi yangu ya mwisho. Niliweka faili mezani kwake, sikusema neno, nikaja nyumbani kungoja simu. Haikulia. Alibonyeza Sawa.

Sasa unajua. Kama unataka kuzima kompyuta na kuifunika kitambaa, zima.

Penseli


Nyumbani, tarehe 22 Machi

Penseli,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikakaa. Nikasimama tena nikakosa pa kwenda.

Ulitaka akuhitaji! Ngazi ni kitu cha kuchezea? Ukiwa na ugomvi na mtu unamfuata, unamwambia usoni, "Umenionea." Mimi nimegombana na watu wangapi katika maisha yangu? Hawahesabiki, na kila mmoja alijua namgomba kwa nini. Wewe umenyamaza. Umeweka faili mezani kama mtu anayeacha jiwe njiani, ukakaa kwenye kiti ukangoja kelele. Anayetegwa kwa ngazi si mwenye karakana. Ni anayepanda! Hukulifikiria hilo, na masomo yote yale?

Nimeandika hapo juu nikaacha kalamu, nikaenda kufua. Nimerudi, maana nami mdomo wangu si safi.

Nyongeza niliihamisha mimi.

Polisi waliposema watarudi, niliingiwa na hofu. Wewe ndiye uliyenifundisha kupanga picha, kuzivuta kwa kipanya kutoka folda hii kuziweka ile. Basi nikavuta kila kilichokuwa ndani ya Kazi, nikakitumbukiza kwenye folda ya picha, ndani ya ile ya msiba wa babu yako. Nilijisemea hakuna polisi atakayepekua picha za kaburi. Niliona nimefanya la maana sana. Halafu ikaja barua yako kwamba Nyongeza inatakiwa iwe kwenye Kazi, na mimi nikajua. Nilijua nikiwa nimeishika barua mkononi! Nikakuandikia sijagusa. Nimehesabu, niliandika mara tatu.

Kwa sababu gani? Kwa sababu niliona aibu. Kikongwe mzima, naogopa kuonekana mjinga na mtoto niliyemvalisha nepi. Nilikuwa nataka niitafute njia ya kuirudisha kimyakimya usijue. Siku nne zimepotea kwa kiburi changu. Folda moja, tumeificha watu wawili.

Kuirudisha sikuthubutu, nisije nikaimwaga njiani. Nikafikiri: programu haina shida na mahali, shida yake ni kuonyeshwa. Nikaenda Mipangilio, Plagini, Ongeza Folda. Ile alama. D, Picha, Msiba wa Babu, Nyongeza. Sawa. Nikafunga. Nikafungua.

Penseli, kisanduku hakikuja. Ikaja ngazi, na chini yake kikatokea chuma kimoja, kikafuata cha pili, vikaendelea vinakaa mahali pake kama watu wanaoingia kwenye benchi. Nimevihesabu kwa kidole kwenye kioo. Kumi na viwili. Ngazi ikatulia. Mtu angeweza kuipanda na gunia la mahindi kichwani. Nikapiga kelele jirani akaja mbio akidhani nimeanguka.

Nimechapa nakala tatu. Wakili ameshachukua mbili, leo kwa mara ya kwanza aliketi.

Sasa sikiliza neno langu la mwisho. Karatasi nimeitoa kwa sababu ni kweli: ulivichora. Lakini karatasi itasema ulichora, haitasema uliondoa. Hilo nimelinyamaza, wakili sikumwambia, kwa sababu si langu. Ni lako. Tarehe 28 utalisema wewe, kwa mdomo wako, mbele ya hakimu.

Bibi yako


Mahabusu ya wanawake, tarehe 25 Machi

Bibi yangu,

Nakuomba. Napiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikiandika.

Nikisema, sitoki. Wakili alikuja jana, mara ya kwanza namwona tangu tuonane kituoni, anatabasamu. Anasema karatasi imetosha, nisiongeze neno, nijibu ninachoulizwa tu. Hakuna atakayeniuliza kama niliitoa plagini. Hakuna anayejua isipokuwa wewe na Afisa. Leo aliponipa barua yako hakunitazama usoni. Alisema tu, "Sikufuta kitu."

Tajiri ndiye aliyebonyeza Sawa. Kisanduku kilimwambia vitu kumi na viwili havionekani. Kumi na viwili, Bibi, si kimoja! Fundi wake ana miaka ishirini anachomelea, naye hakuuliza ngazi inashikiliwa na nini. Kwa nini nibebe peke yangu?

Niache nitoke kwanza. Nikitoka nitasema. Nakuahidi. Humu ndani wanawake wanaingia na nywele nyeusi. Sitaki kuzeekea hapa, sitaki ufe nikiwa hapa.

Tafadhali, Bibi. Usiniangalie kwa macho yale siku hiyo.

Penseli wako


Nyumbani, tarehe 29 Machi. Imeachwa juu ya kibodi ya kompyuta.

Penseli,

Ukisoma hii umeshafika, umefungua kwa ufunguo wa jirani, na umeniita mara mbili. Sipo. Usiende kunitafuta kwa shangazi yako.

Jana nilikaa benchi la pili. Nimekuona ulivyokonda, nikataka kuruka ile mbao nikufunike na khanga yangu. Wakili alipoinua karatasi, hakimu akavihesabu vyuma kwa kalamu kama nilivyovihesabu mimi. Akakuuliza, "Hivi ndivyo ulivyochora?" Ukasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Akakuuliza, "Una la kuongeza?" Nikayaelekeza macho yangu sakafuni kama ulivyoniomba. Ukasema, "Sina."

Ukaachiwa, ukarudishwa mahabusu kungoja karatasi za kutoka, Tajiri akawekwa chini ya ulinzi palepale. Yeye alibonyeza Sawa, na abebe chake. Lakini jana amebebeshwa na chako. Nyuma yangu alikuwepo kikongwe mmoja, mkongojo kama huu wangu, alikuwa ananisumbua toka asubuhi kwa kukohoa. Walipomchukua Tajiri akasimama akaita, "Baba, umekula?" Ndiye mama yake. Tulitoka pamoja mlangoni, tukapishana kwenye ngazi za mahakama, kila mmoja ameshika ukuta wake. Akaniambia, "Hongera, mwenzangu, wako amerudi."

Nilipotoka hapo sikuweza kuja nyumbani. Nilikwenda kwa mshonaji. Anakaa nyuma ya jengo lile lile, chumba kimoja, mlango wa bluu. Amelala ubavu, cherehani imefunikwa shuka. Dada yake anakwenda kazini asubuhi, kwa hiyo mchana kutwa yuko peke yake na kikombe cha maji kwenye kigoda ambacho mkono wake haukifikii vizuri. Nilimwambia mimi ni bibi wa aliyechora ngazi. Akasema, "Karibu, Bibi. Nimesikia mjukuu wako hana kosa, nimefurahi." Amefurahi, Penseli! Nikamsogezea kikombe.

Zaidi ya hapo sikumwambia. Sitamwambia. Nimerudi kuchukua nguo zangu tatu na dawa ya magoti. Nitakaa naye, nitamgeuza, nitamwogesha, nitamfulia. Ninaweza, kwa sababu mdomo wangu na mikono yangu bado vizima. Kurudi humu nikakaa meza moja na wewe, tunywe chai, tuzungumze habari za jirani, hilo siliwezi. Nimelala na siri zangu nyingi maishani. Hii haitoshi kitandani.

Sikulaani. Sikuachi. Nimekulea, na nitakufa nikiwa bibi yako hata ukifungwa, na mabasi mawili nitayapanda, magoti yatake yasitake. Lakini sitakufuata. Safari hii wewe ndiye utakayekuja.

Chakula kimo kwenye sufuria, kimefunikwa. Ule kwanza.

Bibi yako


Tarehe 30 Machi. Imepitishwa chini ya mlango wa bluu.

Mama mshonaji,

Samahani kukuandikia wakati niko hapa nje, hatua moja kutoka kwenye kitanda chako. Nilinyanyua mkono kubisha hodi mara tatu nikashindwa, ndipo nikaandika. Bibi yangu yumo humo kwako. Nasikia anakugombeza umalize uji. Naomba asome yeye kama wewe huwezi kushika karatasi. Anajua karibu yote, ila mwisho wake haujui.

Mimi ndiye niliyechora ile ngazi. Vyuma vya kuishikilia nilivichora, halafu nikaondoa makusudi kile kinachovionyesha, ili tajiri wangu ashindwe kazi bila mimi. Mahakamani waliniuliza kama nina la kuongeza nikasema sina. Nilikuwa nalo. Nikitoka hapa nakwenda kwa hakimu kuliongeza, na najua nitakakolala baada ya hapo. Nimeanzia kwako kwa sababu ya jambo ambalo hakuna karatasi inayolionyesha.

Siku mbili kabla hujaanguka nilipita pale kwenye jengo lenu. Ngazi ilikuwa imeshasimamishwa. Nikainama nikatazama chini yake, nikaona hakuna kitu. Sikuhitaji kuhesabu. Wewe ulikuwa katikati ya ngazi, una kitambaa cha kijani begani, ukaniona nimeinama, ukacheka, ukaniambia, "Dada, karibu juu, umeangusha nini?"

Nikakujibu sijaangusha kitu, nikasema nina haraka, nikaondoka.

Sikuwa na haraka yoyote.

Niko mlangoni. Ukitaka niingie niambie, ukitaka niondoke pia niambie.

Mchoraji